Kutoka Tabora hadi Harvard: nafasi ya mwanafunzi ni kubwa kiasi gani kweli?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali lilelile huibuka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na walimu: kijana kapata Division One ya pointi 3, kwa nini asijaribu Harvard? Au MIT? Mjomba mmoja anasema "Mungu ni mwema, aombe tu." Shangazi anauliza nani atalipa. Mazungumzo huishia hapo.

Jibu la kweli liko katikati. Mwanafunzi wa Tabora Boys, Tabora Girls au Milambo anaweza kuomba, na hakuna chuo kinachomkataza. Lakini nafasi yake haipimwi kwa ile asilimia inayotangazwa kwenye mitandao. Inapimwa kwa milango minne: alama, ushindani, pesa na viza. Mlango mmoja ukifungwa, hata ule uliofunguka haumsaidii.

Habari njema ni kwamba mingi ya milango hiyo inaweza kuchunguzwa mapema, kabla familia haijauza mbuzi wala kiwanja.

Kwa ufupi

• Vyuo vigumu zaidi Marekani huchukua waombaji chini ya 5 kati ya 100. Kwa wanaotoka nje ya nchi hiyo, nafasi huwa finyu zaidi.

• Ni vyuo vichache tu ambavyo havimpunguzii alama mwombaji wa kigeni kwa sababu hana pesa.

• Tangu 1 Januari 2026 Marekani imeweka zuio kwa viza za wanafunzi kutoka Tanzania. Hilo linabadilisha hesabu nzima.

• Kufungiwa njia moja si mwisho wa safari. Zipo njia za Canada, Ghana na Kigali, na ipo njia ya kusubiri shahada ya pili.

Asilimia inayotangazwa si ya kila mtu

Mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwapa nafasi 1,937. Hiyo ni chini ya watu 4 kati ya 100. Walioachwa si wanafunzi wabovu. Wengi wao walikuwa wa kwanza shuleni kwao.

MIT inatoa picha iliyo wazi zaidi kwa sababu huonyesha waombaji wa kimataifa peke yao. Kwa walioingia mwaka 2023, chuo kilichukua karibu 5 kati ya 100 kwa jumla. Kwa waombaji kutoka nje ya Marekani ilikuwa kama 2 kati ya 100.

Na hao wawili hawafanani. Ndani ya kundi hilo wamo washindi wa medali za mashindano ya kimataifa ya hisabati na fizikia. Wamo pia vijana wenye pasi za nchi za nje ambao wamesoma shule za gharama, zenye walimu ambao kazi yao ni kuandaa maombi ya vyuo tu.

Wengine hufikiri dawa ni kuomba vyuo vingi. Tuseme kila chuo kinampa nafasi 3 kati ya 100, naye anaomba vitano. Hesabu ya darasani inasema nafasi ya kupata angalau kimoja inapanda hadi kama 14 kati ya 100. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila chuo kinaamua kivyake, kama kurusha sarafu mara tano. Sivyo ilivyo. Insha dhaifu ni dhaifu kote. Barua ya mwalimu yenye mistari mitatu itasomwa vilevile kwenye vyuo vyote vitano.

Na hata ikiwa hiyo 14 ni kweli, bado 86 kati ya 100 wanabaki mikono mitupu. Ndiyo maana washauri wa elimu husisitiza orodha yenye vyuo vya viwango tofauti, kikiwemo kimoja au viwili vya hapa nyumbani.

Division One ni tiketi ya kusomwa tu

Mfumo wa NECTA, ambako A ya kidato cha sita huanzia alama 80, unaeleweka vizuri Tanzania. Ofisa wa udahili aliyekaa Massachusetts anaweza asijue uzito wa A tatu za PCM. Anaweza pia asijue kwamba Tabora Boys na Tabora Girls ni shule za vipaji maalumu, ambazo huchukua wanafunzi waliochaguliwa kwa ufaulu kutoka kila pembe ya nchi.

Hapo ndipo wengi hupoteza nafasi bila kujua. Vyuo hivi humsoma mwombaji kwa kuangalia mazingira yake: alikuwa na nini mkononi, na alifanya nini nacho. Lakini mazingira hayo lazima mtu ayaeleze. Kazi hiyo ni ya mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, kwenye maelezo ya shule yanayotumwa pamoja na maombi.

Maelezo mazuri yanataja idadi ya wanafunzi darasani, masomo yanayofundishwa, namna NECTA inavyopanga madaraja, na mwanafunzi huyu ameshika nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Kama maabara ina vifaa vichache au umeme hukatika, hilo nalo linaandikwa. Hakuna anayeomba huruma hapo. Msomaji anapewa kipimo.

Kuna pia ripoti za mihula. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hutaka kuona miaka kadhaa ya masomo ya sekondari, na cheti cha mwisho peke yake hakitoshi. Mwanafunzi aliyetupa ripoti za kidato cha tatu ana kazi ya kurudi shule aliyosoma kuomba nakala zenye muhuri.

Barua za walimu nazo zina uzito. "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii" inaweza kuandikwa kwa yeyote. Mwalimu anayesimulia jinsi kijana alivyobaki jioni kuwafundisha wenzake kinematiki, au alivyotengeneza kipima mvua kwa chupa za plastiki, anampa msomaji mtu wa kumkumbuka.

SAT: hesabu si tatizo, Kiingereza na kasi ndivyo

MIT inadai mtihani wa SAT. Vyuo vingine kadhaa vimeurudisha baada ya kuulegeza wakati wa korona. Harvard inautaka pia, ila yule ambaye kweli hana namna ya kuufanya anaweza kutumia mitihani mingine, ikiwemo ya taifa ya kumaliza shule. Bowdoin na Amherst humwachia mwombaji achague kutuma alama au kutotuma.

Kwa aliyesoma Advanced Mathematics, hesabu za SAT si ngeni. Nyingi ni aljebra, grafu, takwimu na trigonometria ya kawaida. Shida ni kwamba ushindani uko juu mno: kati ya wanaopokelewa MIT, nusu ya katikati huwa na alama 780 hadi 800 za hesabu, na 800 ndiyo kilele.

Upande wa kusoma na kuandika Kiingereza ndio huwaangusha wengi. Mtihani mzima ni wa kompyuta na huchukua zaidi kidogo ya saa mbili. Simu haikubaliki. Mazoezi rasmi yapo bure kwenye programu ya Bluebook na kwenye tovuti ya Khan Academy, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kitabu cha laki moja.

Pesa: mlango ambao watu hawauoni

Mwaka mmoja Harvard, pamoja na chakula na malazi, unagharimu zaidi ya dola 80,000. Ni karibu shilingi milioni 200. Namba hiyo huwatisha wazazi, ingawa kwa familia ya kawaida ya Tabora si namba itakayoilipa.

Swali la kuuliza ni hili: je, chuo kinaangalia mfuko wa familia kabla ya kumchagua mwombaji wa kigeni?

Kundi la kwanza haliangalii, na likishamchagua linajazia chote ambacho familia haiwezi kulipa. Humo wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na, tangu siku za karibuni, Brown. Harvard ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka, ikiwa na mali za kawaida, haitatozwa kitu.

Kundi la pili hutoa msaada mkubwa lakini huangalia mfuko kwanza. Stanford kwa waombaji wa kigeni imo humu. Mwanafunzi anayehitaji kulipiwa kila kitu hushindana kwenye mlango mwembamba kuliko mwenzake anayejilipia. Katika kundi hili, wanafunzi wawili wenye alama zilezile hawana nafasi ileile.

Kundi la tatu ndilo kubwa: vyuo vinavyosema "karibu" lakini havina pesa ya mgeni. Barua ya kukubaliwa inakuja haraka, na familia inasherehekea. Baadaye unakuja ukurasa wa pili, wenye ada. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Marekani na vyuo vingi vya Uingereza kwa shahada ya kwanza viko hapa.

Kwa hiyo kijana wa Sikonge mwenye alama za juu anaweza kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kusoma kweli kwenye chuo kigumu chenye pesa kuliko kwenye chuo rahisi kisicho nayo. Kukubaliwa bila kulipiwa ni karatasi tu.

Viza: zuio la Januari 2026

Juni 2025 serikali ya Marekani ilitangaza orodha ya nchi ambazo raia wake wangezuiwa viza, na jirani Burundi ilikuwa miongoni mwa zilizowekewa zuio la sehemu. Desemba mwaka huohuo orodha ilipanuliwa na Tanzania ikaingizwa. Zuio hilo lilianza 1 Januari 2026 na linagusa viza za matembezi na za wanafunzi, isipokuwa kwa makundi machache ya watu.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kupita milango mitatu ya kwanza, akapewa kila kitu, kisha akakwama ubalozini. Masharti ya namna hii hubadilika, wakati mwingine ghafla. Anayeomba leo kwa ajili ya kuanza mwaka mwingine anacheza na jambo asilolimudu. Cha kufanya ni kusoma tangazo la ubalozi wenyewe kabla ya kulipa chochote, na kukiuliza chuo kama kinaruhusu aliyekubaliwa kuahirisha mwaka.

Kalenda mbili zinazogongana

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Kisha inakuja JKT kwa wanaoitwa, matokeo Julai, dirisha la TCU na maombi ya Bodi ya Mikopo. Marekani mambo huenda tofauti: maombi ya mapema hufungwa Novemba mosi, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba.

Anayetaka kuunganisha moja kwa moja lazima aombe akiwa bado kidato cha sita. Hapo ugumu wa bweni unaonekana: simu haziruhusiwi, barua pepe za chuo zinasubiri wiki nzima, na likizo ya Desemba ndiyo nafasi ya mwisho ya kukaa kwenye kompyuta. Asiye na mwalimu wa kumsaidia atachelewa.

Njia ya pili ni kusubiri matokeo, kuomba Novemba au Januari, na kuanza mwaka unaofuata. Inampa muda wa SAT na insha. Lakini ina mtego. Kijana akianza UDSM au UDOM huku anasubiri, vyuo vingi vitamhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na nafasi za kuhamia kwenye vyuo hivi ni chache kuliko za kuanza. Akiacha nafasi ya nyumbani, anaweza kukosa zote mbili. Uamuzi huo unafaa kufanywa na familia nzima, kalenda ikiwa mezani.

Gharama kabla ya jibu lolote

Hata chuo kinacholipia kila kitu hakilipii mwanzo. SAT kwa mtu wa nje ya Marekani ni zaidi ya dola 100. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, ambako vituo vya mtihani hupatikana, ni zaidi ya kilomita 800, na hapo kuna nauli ya kwenda na kurudi, chakula na mahali pa kulala. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo hufanyika nyumbani kwa kama dola 70, lakini unahitaji kompyuta yenye kamera na intaneti isiyokatika. Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000.

Ada ya maombi, ambayo mara nyingi ni dola 75 au zaidi kwa chuo, inaweza kusamehewa. Mwombaji huomba msamaha huo ndani ya fomu, na shule huthibitisha. Wengi hulipa kwa kutojua tu.

Ushauri wa bure umekuwa ukitolewa na kituo cha EducationUSA kilicho chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, hata kwa mtandao. Yeyote anayeuliza ajue kwamba huduma hiyo haina ada.

Dalali anayeahidi nafasi

Penye kiu ya kusoma nje hapakosi dalali. Husema ana "mtu wake" chuoni, huomba milioni mbili za "kufungua faili", na hutuma barua yenye nembo. Vyuo vigumu kama Harvard au MIT havina uchochoro wa namna hiyo. Maombi hutumwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye mfumo wa mtandao, naye ndiye anayepokea jibu kwenye akaunti yake. Mtu anayesema nafasi ni ya uhakika anajieleza mwenyewe.

Insha nayo isiandikwe na mtu wa kulipwa. Maneno 650 ya kijana anayeeleza kwa ukweli mzinga wa nyuki wa babu yake Urambo yana uhai kuliko kurasa za Kiingereza cha kukodi. Na ikigundulika, maombi yote hutupwa.

Njia ikifungwa, msafara huzunguka

Tabora inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alikwama Kwihara, nje kidogo ya mji, kwa sababu vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga barabara ya misafara kwenda Ujiji. Njia ya moja kwa moja ilishindikana, hata kwa bunduki. Akazunguka kusini, na akafika Ujiji.

Leo mizunguko iko kadhaa. Canada, Chuo Kikuu cha Toronto kina ufadhili wa Lester B. Pearson, unaolipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne. Huchukua takriban wanafunzi 37 kwa mwaka kutoka dunia nzima, na mwanafunzi hawezi kujipendekeza mwenyewe: shule ndiyo humteua, mmoja tu. Mkuu wa shule asiyejua kwamba ufadhili huo upo tayari amewafungia wanafunzi wake wote.

Ghana, Chuo Kikuu cha Ashesi hupokea vijana wa nchi nyingi za Afrika na kina ufadhili wa Mastercard Foundation. Hapa nyumbani, Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kupitia Bodi ya Mikopo, huwalipia waliofanya vizuri zaidi kwenye masomo ya sayansi. Kwa mwenye pointi 3 za PCM au PCB, hiyo si nafasi ya kuichezea kwa sababu ya ndoto yenye watu 2 kati ya 100.

Halafu kuna mzunguko mrefu zaidi, ambao pengine ndio wenye uwezekano mkubwa: kusoma shahada ya kwanza hapa na kuomba nje baadaye. Shahada za uzamivu za sayansi Marekani kwa kawaida humlipa mwanafunzi. Na tawi la Carnegie Mellon, mojawapo ya vyuo vikubwa vya kompyuta duniani, liko Kigali, karibu na Tabora kuliko watu wanavyodhani, likitoa shahada za uzamili.

Njia hiyo ina mfano unaojulikana na kila mtoto wa shule. Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Akiwa mwalimu alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, na mkuu wa shule yake, Padre Richard Walsh, alimhimiza aende mbele. Alifika Edinburgh mwaka 1949, akiwa na miaka 27, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, na akahitimu mwaka 1952.

Alikuwa na alama, alikuwa na mtu wa kumsemea, alikuwa na wa kumlipia, na alikuwa na ruhusa ya kusafiri. Vinne vilevile.

Maswali matano ya kujipima

1. Je, mwanafunzi yuko kwenye wa kwanza watatu au wanne wa shule yake, kwa miaka miwili mfululizo?

2. Je, kuna jambo alilofanya nje ya daftari ambalo mwalimu anaweza kulisimulia kwa mfano?

3. Je, kila chuo kwenye orodha kina pesa ya mwanafunzi wa kigeni, na kimeandika hivyo kwenye tovuti yake?

4. Je, sheria ya viza ya nchi hiyo inaruhusu Watanzania leo?

5. Je, nafasi ya nyumbani na mkopo au ufadhili wake viko salama iwapo jibu litakuwa hapana?

Akijibu ndiyo kwa yote, aombe kwa moyo mkunjufu, akijua kwamba bado wengi wenye sifa huachwa. Akijibu hapana kwa la tatu au la nne, abadilishe orodha kwanza, au asubiri. La tano lisiachwe kwa hali yoyote, kwa sababu mwaka uliopotea haurudishwi na Harvard wala na Bodi ya Mikopo.